Nekromantix jukwaani: besi ya jeneza inaonekana, haisikiki

Nyota moja. Inakwenda kwa ukumbi, hasa kwa fundi mitambo wake wa sauti.

Tangu mpiga besi Kim Nekroman aanzishe bendi hii Copenhagen, Denmark, mwaka 1989, alama yake ni besi ya kusimama yenye umbo la jeneza, kichwa chake msalaba. Watu wanalipa kiingilio kwa ajili ya jeneza hilo. Juzijuzi, kwenye ukumbi mmoja hapa Ujerumani, tuliliona tu. Kusikia, hakuna!

Saikobili, muziki wao huu wa rokabili iliyochanganywa na panki, haupangwi sauti kama roki ya kawaida. Jukwaani wako watatu: gitaa, besi, ngoma. Besi inabeba noti na mdundo kwa pamoja. Mpigaji anavuta uzi, anauachia ugonge ubao, kisha anaupiga kofi kwa kiganja, na ile tak-tak inajaza nafasi kati ya mapigo ya ngoma. Ikipotea, inabaki panki ya kawaida iliyopakwa rangi za maiti. Ndiyo maana besi za aina hii kwa kawaida hufungwa pikapu (vinasa sauti) mbili, moja kwenye daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, kwa ajili ya noti, nyingine ubaoni kwa ajili ya kofi, na kila moja inataka chaneli yake kwenye mikisa, meza ya kuchanganyia sauti. Ya kofi unaikata sauti nzito, chini ya hezi 300 hivi, unaipandisha kidogo kati ya 2,000 na 4,000. Ya daraja usiikate ovyo, noti nzito ziko humo: uzi wa E mtupu, usiobanwa kidole, uko hezi 41, wa A uko 55.

Fundi huyu aliweka pikapu zote chaneli moja. Besi ilipoanza kuvuma, akashusha chaneli nzima. Nzima! Kuvuma kwenyewe si uchawi: sabufa zinatikisa mbao za besi, pikapu inaokota mtikisiko huo, unarudi kwenye sabufa, unazidi kukua. Geuza polariti, yaani mawimbi ya pikapu yaende kinyume na ya sabufa. Ikiendelea, tafuta hezi inayovuma uikate hiyo peke yake, kwa upana mdogo. Punguza besi kwenye monita, spika inayomwelekea mpigaji, msogeze mbali na sabufa. Ni kazi ya dakika tano wakati wa kupima sauti.

Katikati ya shoo Nekroman alisogea upande wa ngoma, mbali na sabufa, na kwa nyimbo mbili kofi likatoka safi, gitaa likikimbia juu yake kwa mwangwi mfupi. Hapo ningetoa nyota tano bila kufikiri. Kisha fundi akashusha tena.

Nilitaka kuandika msiende. Hapana, nendeni, bendi yenyewe haina kosa. Ila msisimame katikati ya ukumbi. Kaeni mbele kabisa, mita mbili au tatu kutoka kwenye ampli ya besi, muisikie kabla haijapita kwenye mikisa. Na vizibo vya masikio msiache nyumbani, maana ngoma ziko hapohapo.