Redieta ya alumini kwa DX yenye 4A-GE: uzoefu wangu baada ya miezi saba

Wadau wa magari ya zamani, kuna watu kadhaa niliwaahidi nitaandika hii kitu na nimechelewa, poleni sana. Gari ni Corolla DX, KE70, ilikuwa ya marehemu baba. Ilitoka na injini ya 4K ya sisi (cc) 1290 lakini mwaka jana nikaiweka 4A-GE ya sisi 1587, valvu 16, injini ile ile ya Corolla ya michezo, AE86, na tangu siku hiyo nikawa mtu wa kubeba mtungi wa maji kwa buti kila mahali naenda. Redieta ilibaki ile ile ya 4K. Fundi wa kwanza alisema itatosha. Haikutosha.

Shida ilikuwa mbili na ilinichukua muda kuzitenganisha. Nikiwa kwa jam ya Kondele hapa Kisumu jioni, matatu mbele, tuktuk kando, mshale wa temperecha unapanda polepole mpaka unakaribia nyekundu, halafu nikitoka hapo nikipata barabara wazi ya kwenda Ahero unashuka wenyewe. Lakini nikipanda ule mlima wa Mamboleo kwenda Kiboswa, nikielekea kwa mama Vihiga, unapanda tu hata kama niko 60 na upepo ni mwingi. Hiyo ya kwanza ni ya feni, yaani gari ikisimama hewa haipiti. Ya pili ni redieta yenyewe, moto unaotoka kwa injini ni mwingi kuliko ile redieta inaweza kuutoa. Nawaambia hivi kwa sababu mimi nilidhani ni ugonjwa mmoja na nikalipa mara mbili.

Fundi mwingine pale Kibuye alitaka kutoa themostati (valvu inayofungulia maji njia ya redieta injini ikipata moto) kabisa aitupe, eti ndiyo inaziba maji. Nikamwambia mzee wangu, hapana, hii injini ni ya EFI, yaani petroli inapimwa na kompyuta, na kompyuta ikisikia maji bado ni baridi inaendelea kumwaga petroli kama gari imewashwa sasa hivi asubuhi, utakula mafuta na mlimani bado utachemsha. Tukaitia hiyo themostati kwa sufuria ya maji juu ya jiko. Maji yakatokota, yenyewe imefunguka kidogo tu ikakwama. Kwa hivyo mzee hakukosea kuishuku, ilikuwa imekufa, lakini niliweka mpya ya kufunguka kwa nyuzi 82.

Sasa redieta. Niliagiza ya alumini ya kori mbili (safu mbili za mirija), ikaja na feni ya inchi 12 na swichi ya temperecha, yote 26,500 mpaka Kisumu. Imechomelewa vizuri, mpaka leo sijaona hata tone. Mashimo ya chini hayakulingana na KE70, welda akanitengenezea braketi mbili kwa 1,500. Ile ya zamani tuliikata tuone ndani, mirija zaidi ya nusu imejaa tope la kahawia gumu kama uji uliokaukia kwa sufuria, hiyo ni miaka na miaka ya maji ya bomba bila kulanti, ile dawa ya kuzuia kutu. Roho iliniuma kwa sababu baba aliitunza hii gari sana, ni vile tu hakuna mtu alimwambia.

Nikafunga na geji ya namba kwa sababu ile ya kiwanda inakaa katikati tu, ukiona imesogea tayari umechelewa. Mlima ukapona siku ya kwanza, nyuzi 97 pale Kiboswa. Nikarudi Kondele na furaha yangu, 106. Nilikasirika hadi nikaanza kutafuta namba ya muuzaji.

Kumbe feni ilikuwa imefungwa moja kwa moja kwa redieta bila kava ya kuelekeza hewa. Fundi wa waya, kijana mdogo tu, akachukua kipande cha gazeti akakiweka mbele ya redieta feni ikizunguka, pale katikati kikashika, akakisogeza kwa kona kikaanguka. Pembe zote nne hazikuwa zinavuta hata kidogo. Tukakata bati la alumini, likafunika upande wote wa nyuma na tundu la feni katikati, tukaziba pembeni na mpira wa mlango. Akaweka gazeti tena, kila kona linashika. Hiyo bati ilinigharimu 2,000, na Kondele ikashuka hadi 94. Kama uko na pesa kidogo, anza na kava kabla hujanunua redieta.

Swichi iliyokuja na hiyo seti sikuipenda. Sensa yake unaichomeka katikati ya mapezi ya redieta, ikalegea kwa barabara mbovu na siku moja feni haikuwaka. Saa hii natumia sensa ya kuskrubu inayoguswa na maji yenyewe, inaamsha rilei (swichi ya umeme), feni inawaka 92 inazima 86.

Na msisahau kifuniko cha redieta. Kisumu tuko kama mita 1,130 hivi, Kericho inafika kama 2,000, na kule juu maji ya kawaida yanatokota kwa 93 tu. Presha ya kifuniko ndiyo inayoyashikilia mpaka yapite 110. Changu mpira ulikuwa umepasuka, ndiyo maana nikifika Kapsoit, njia ya Kericho, maji yalikuwa yanatoroka na mshale bado haujafika pabaya.

Kutoa hewa nilifanya mwenyewe, pua ya gari juu kwa mteremko, hita imefunguliwa mwisho (hapa Kisumu hakuna mtu anaigusa, ndiyo maana hewa inakaa huko), nikaminya hosi ya juu mpaka mapovu yakaisha. Dakika arobaini.

Redieta ningenunua tena, swichi hapana. Jumamosi nilipanda Mamboleo na watu wanne na gunia la mahindi, saa saba mchana, ikagusa 96, na kabla sijafika stendi ya Kiboswa ilikuwa 89. Mtungi wa maji nimeuacha kwa mama, anachotea kisimani.