Diskasheni imejaa: uzoefu wangu na chuo kimoja cha Arusha

Nakipa nyota mbili, na hiyo ya pili ni ya mama wa kantini. Jina la chuo nalihifadhi, bado nina mitihani yao. Ada, kozi na idadi ya vitanda hosteli mtatafuta wenyewe, vyote vipo wazi. Ninayotaka kuyasema hayamo kwenye mwongozo wowote wa udahili.

Nilikichagua kwa ajili ya watu. Nilikuwa nimechaguliwa vyuo viwili, na kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ukichaguliwa zaidi ya kimoja lazima uthibitishe mahali pamoja kwa ile namba maalumu wanayokutumia kwenye simu. Nikakaa na ile meseji nikiigeuza geuza. Chuo cha pili kilikuwa Dar, kina jina. Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, ambaye alishawahi kuishi Sakina, mtaa wa huku Arusha, akanisisitiza: "Dada, njoo Arusha. Chuo kidogo, watu wote wanajuana, hutakuwa mpweke." Mimi mtu wa Muheza, nimekulia nyumba yenye watu kibao, nisiposalimiwa asubuhi naona kama naumwa. Nikathibitisha Arusha.

Na kweli wanajuana. Ila wanajuana wao kwa wao.

Pale maisha yote yako kwenye diskasheni. Darasani unasaini mahudhurio, kusoma kwenyewe ni jioni nyuma ya maktaba, makundi makundi, pasti pepa zimetandazwa mezani, anayeelewa anawafundisha wenzake. Huna kundi, huna notsi, huna pasti pepa, na hata kipindi kikihamishiwa chumba kingine utasikia kimeshaisha. Sasa makundi hayo yaliundwa wiki ya kwanza, tena kwa shule watu walizotoka. Waliomaliza Form Six pamoja wamekaa huku, wa shule nyingine kule. Sisi tuliopitia diploma tumefika hatuna wa kumshika mkono.

Nikaenda hivyo hivyo. Nikawasalimia vizuri, nikaomba kukaa nao. Kiti kilikuwepo, kimekaliwa na begi. Kaka mmoja, kiongozi wa serikali ya wanafunzi, suti mpaka jioni, akanipandisha akanishusha, akasema: "Shangazi, hapa tumejaa." Wakaangua kicheko. Dada aliyekuwa pembeni yake akaniuliza, eti kwa upole, "Kwani wewe umeingilia diploma?" Ungedhani nimeingilia dirishani.

Nina miaka 27! Na hiyo diploma sikuiokota soko la Kilombero, hapa Arusha, kwenye mitumba. Ili upokelewe shahada kwa njia hiyo unatakiwa uwe na GPA isiyopungua 3.0, na wenzangu wengi waliishia hapo hapo. Kabla ya kuja nilikuwa karani wa hesabu Korogwe, kwenye shamba la mkonge, nimefunga hesabu za mwaka kwa mkono huu. Wao wanakariri debiti na krediti kama shairi la Form Two, halafu mimi ndiye nisiyefaa kukaa mahali pa begi.

Hao ni vijana, ningewasamehe. Aliyenichefua ni mshauri wa wanafunzi. Nilimweleza taratibu, yeye anapekua simu. Nikamaliza, akasema bila kuinua kichwa: "Makundi ni hiari yao, dada. Tafuta wa rika lako." Akaita anayefuata. Mtu ameajiriwa kwa ajili ya mambo kama haya, ana ofisi, ana kibao mlangoni!

Sasa nisiwe mchoyo wa fadhila. Mwalimu wetu wa kodi sijapata kuona mfano wake, anafundisha mpaka unatamani kulipa kodi. Na hosteli chumba cha jirani wanakaa wasichana wa USCF, umoja wa wanafunzi Wakristo, wanakwaya, wanaimba mpaka kuta zinatikisika. Wanajua mimi Mwislamu. Ile baridi ya Julai, ambayo mtu wa Tanga hakuna aliyemwonya, wao ndio walionigongea na blanketi, na makande wakipika sahani yangu ipo. Mama wa kantini naye ananiandika kwenye daftari bila kununa, wakati wenye bumu, ile mikopo ya wanafunzi, likichelewa anawanunia. Kwa hiyo mdogo wangu hakunidanganya, upendo upo. Nilipofika sentensi hii nilikuwa nimeshaamua kufuta mbili niandike tatu.

Lakini juzi juzi nimegundua kuna grupu la pili la WhatsApp la darasa. CR, yaani kiongozi wa darasa, alilifungua kimya kimya na sisi wa diploma hatumo, hata mmoja. Testi ikawahishwa, tangazo likawekwa humo tu. Nikafika na kalamu yangu nikakuta watu wanatoka. Nikamuuliza CR, akajibu, "Aa, nilidhani mmepata." Tatu ya wapi? Hata hiyo mbili naiona nyingi.

Kama unachagua chuo kwa kufuata watu, na mimi bado naona ni sababu nzuri kuliko jina, usije siku ya wageni wanapopiga muziki na kugawa maji. Panda kifodi, daladala za huku, siku ya kazi jioni, nenda nyuma ya maktaba, omba kukaa uone begi litaondolewa au la. Ulizia waliopitia diploma wanasoma na nani. Halafu Ijumaa uangalie geti: wote wakikimbilia makwao, ujue wikiendi utakuwa unaongea na ukuta.

Dirisha la kuhama likifunguliwa nitaomba. Au sitaomba, kwa sababu ya yule mwalimu wa kodi. Testi amekubali niifanye peke yangu, wiki ijayo, ofisini kwake. CR hajui, na wala simwambii.