Trei za bati chini ya vichanja vya kuku: miezi 14 ya kuzitumia

Nafuga kuku 22 nyuma ya nyumba, Kihonda, Morogoro. Chotara wote, mitetea 20 na majogoo wawili wasiopatana. Miaka miwili ya mwanzo nilisafisha banda kama majirani zangu: unamwaga maganda ya mpunga sakafuni, Jumamosi unaingia na koleo. Banda kwa ujumla halikunisumbua. Kilichonitesa ni ule mstari mmoja chini ya vichanja, zile mbao wanazolalia usiku.

Kuku hunya usiku kucha, na hasogei. Kinachotoka tangu jua lizame mpaka alfajiri kinaangukia pale pale alipokaa. Ikifika Jumamosi unakuta juu gamba gumu, ukilivunja kwa koleo chini yake ni uji. Masika ndiyo usiseme. Nilikuwa nikifungua mlango asubuhi macho yanawasha, na kuku wawili watatu wanapiga chafya. Bwana mifugo alipokuja kuchanja kideri hakunipa dawa yoyote ya chafya. Aliniambia tu, "Mama, hebu chuchumaa hapa uvute pumzi. Wewe unanusa ukiwa umesimama, wenzio ndio wanalala humu." Nilichuchumaa. Kumi sikufika kuhesabu, nikatoka nje.

Wiki hiyo hiyo nikaenda kwa fundi bati, hawa wanaotengeneza majiko ya mkaa na ndoo za kumwagilia. Nikamwelezea: nataka trei mbili pana, zimekunjwa kingo inchi mbili kila upande, za kukaa chini ya kuku. Akacheka sana. "Mama, hili sinia la pilau la ukumbi gani?" Lakini kazi aliifanya vizuri. Bati bapa moja la futi 8 kwa 4 alilikata katikati, kila kipande kikawa trei ya karibu futi 3 na inchi 8 pande zote. Bati na ufundi shilingi 70,000. Mbao za kuzipumzishia nilipiga misumari mwenyewe. Vichanja vyangu ni mbao mbili za mbili kwa mbili, urefu futi 8, zote kimo kimoja ili wasigombanie cha juu, na pembe zake nilizipiga randa zisiwaumize nyayo. Trei zinakaa kama shubiri moja chini yake.

Tofauti niliiona asubuhi ya kwanza. Dakika tano tu: napita na kile kibati mafundi rangi wanachopakia skimu, nakwangua kuelekea kona moja, nakokota ndani ya kopo la rangi la lita 4. Halijai hata nusu. Sakafuni nabadilisha maganda baada ya wiki nyingi sasa, kwa sababu kinachoangukia huko mchana ni kidogo na kuku wenyewe wanakiparuaparua mpaka kinakauka.

Ila nilianza na kosa, na nadhani wengi mtalifanya. Nilinyunyiza majivu kwenye trei, nikijua majivu hukausha na kuua harufu. Asubuhi harufu ilikuwa kali kuliko siku zote. Nikadhani kuku wanaumwa. Bwana mifugo akanieleza kwamba majivu, sawa na chokaa, yakikutana na kinyesi kibichi yanaifukuza amonia, ile harufu kali inayowasha macho, itoke hewani haraka. Sasa majivu yangu yote yanakwenda kwenye shimo lao la kuogea vumbi, huko wanayafurahia. Kwenye trei natupia konzi mbili tatu za maganda ya mpunga jioni, wakishaanza kupanda. Ukiyatia asubuhi utakuta wameyaparua yote yako sakafuni, maana mchana wanazifanya trei kiwanja cha mpira.

Faida ambayo sikuifikiria wakati nanunua ni kwamba sasa naona kila kinachotoka. Zamani kila kitu kilizama kwenye maganda. Sasa asubuhi nasimama na chai yangu nakagua, baba watoto ananicheka. Kinyesi cha kawaida ni kigumu kidogo, cha kahawia au kijivu, na kofia nyeupe juu. Kuna kingine cha mara mojamoja, laini kama topetope, rangi ya chokoleti, kinanuka kupita maelezo. Hicho nacho ni cha kawaida, usikimbilie duka la dawa. Ila mwezi wa nne niliona damu chini ya vifaranga wakubwa niliokuwa nimewahamishia humo, nikawahi kabla hawajaanza kusinyaa. Ilikuwa kuhara damu, wote wakapona. Na kukwangua kila siku kunasaidia hapo hapo: vimelea vya ugonjwa huo vikitoka na kinyesi vinahitaji kama siku moja au mbili za joto na unyevu kabla ya kuweza kuambukiza mwingine. Mimi siku ya pili siwaachii.

Kasoro zipo, tena nyingine nimejitakia. Kubwa ni upana. Nilipima vichanja, sikupima mlango. Mlango wa banda ni futi mbili na nusu. Trei tupu naitoa kwa kuiinamisha, lakini ikiwa na mzigo haitoki, kwa hiyo lazima nikwangulie ndani nikiwa nimeinama. Kama unataka kuagiza, pima mlango kwanza, halafu mwambie fundi akukatie nyembamba zaidi hata kama zitakuwa tatu au nne.

Pili, kutu. Kinyesi cha kuku kinakula bati. Sehemu tambarare bado zinang'aa, lakini kwenye mikunjo, pale nyundo ilipopiga, kutu ilianza mwezi wa tisa. Nimesugua na msasa nikapaka redi oksaidi, rangi ya kuzuia kutu, imetulia. Tatu, kingo. Fundi hakuzikunja mara mbili, na mimi sikujua kumwambia. Nina alama kwenye kidole gumba cha kushoto.

Na msifikiri trei itawaondolea utitiri. Wale hawakai kwenye bati, wanajificha mchana kwenye nyufa za mbao, usiku wanatoka kunyonya. Vichanja vyangu nimevikalisha kwenye vishikizo bila misumari, kila mwezi navitoa nje na kumwagia maji yanayochemka kwenye ncha, ambako ndiko wanakojazana.

Mbolea inayopatikana ni ya kutosha bustani yangu na ya jirani. Msije mkaiweka mbichi. Niliunguza tuta zima la mchicha. Sasa nairundika na majani makavu, naigeuza, naiacha miezi mitatu.

Kwa ujumla shilingi 70,000 zimerudi, kwa maana ya Jumamosi zangu na macho yangu. Ningeagiza tena, ila kwa fundi ningekaa naye mpaka amalize. Hasa kwa jambo moja: bati likishakunjwa kingo linapungua, kwa hiyo trei mbili kwa pamoja hazifiki futi 8 za kichanja. Zinabaki inchi nne kama hivi kila mwisho. Mtetea wangu mweusi amechagua kulala hapo hapo, na kila asubuhi nikimaliza trei nachuchumaa kumkwangulia yeye peke yake sakafuni.