Uzoefu wangu na Garmin Xero C1 Pro katika kupima risasi ninazojaza mwenyewe

Kwa anayelenga shabaha ya yadi 100, tofauti ndogo za kasi ya risasi hazimsumbui. Risasi moja ikitoka polepole kuliko mwenzake, matundu bado yanakaa pamoja kwenye karatasi. Sogea hadi yadi 1,000 uone. Bunduki yangu inatumia risasi ya aina ya 6.5 Creedmoor, inatupa kichwa cha grein 140 (grein ni kipimo kidogo cha uzito) kwa futi 2,700 hivi kwa sekunde. Kwa mwendo huo, tofauti ya futi 10 tu inapandisha au kushusha risasi karibu inchi 3 ifikapo yadi 1,000. Zikipishana futi 40, zinaachana inchi 10 na ushei, hata kama mpigaji hakutikisika hata chembe. Ndiyo maana sisi tunaojaza risasi wenyewe hapa Marekani, yaani tunaounganisha ganda, fataki inayowasha baruti, baruti na kichwa kwa mikono yetu, tunakijali kifaa cha kupima kasi sawa na tunavyoijali darubini.

Xero C1 Pro iliingia sokoni mwaka 2023 kwa dola 599.99. Ni rada ndogo ya kuenea kiganjani. Unaisimamisha juu ya miguu yake mitatu, kando ya bunduki na nyuma ya mdomo wa mtutu, unaielekeza kwenye shabaha, unachagua aina ya silaha, basi, unaanza kazi. Inatuma mawimbi ya redio yanayoigonga risasi na kurudi yakiwa yamebadilika kidogo kwa sababu risasi inakimbia kwenda mbele, na badiliko hilo ndilo linalogeuzwa kuwa kasi. Inapima kuanzia futi 100 hadi 5,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata mpiga mishale anaweza kuitumia. Kila risasi ikitoka, namba inatokea kwenye kioo, kisha zote zinahamia kwenye simu kupitia programu ya ShotView.

Kabla yake nimetumia vifaa vya aina mbili. Cha kwanza ni kile kinachosoma kivuli cha risasi inapopita juu ya vitambuzi viwili. Wingu likipita mbele ya jua, namba zinayumba. Tena ili kukipanga lazima ufyatuaji usimame uwanja mzima, uende mbele ya mstari, urudi, na watu wanakusubiri. Cha pili ni cha sumaku, kinachofungwa kwenye mtutu kama singe. Hicho kinasoma vizuri sana, ila uzito wake unabadilisha mtikisiko wa mtutu, na kundi la matundu linahama. Ukipima kasi huwezi kuamini kundi. Ukitaka kundi, ukifungue. Rada haiigusi bunduki. Risasi ileile inanipa tundu na kasi kwa pamoja, na kila ninayoipiga, ya mazoezi au ya mashindano, inaingia kwenye hesabu.

Kwangu mimi faida kubwa iko hapo kwenye hesabu, na naona watu wengi wanaipita. SD, yaani kipimo cha jinsi kasi zinavyotawanyika kuzunguka wastani, haina maana ukiitoa kwenye risasi chache. Tuseme umepiga 5, kifaa kikakuandikia SD ya 10. Kwa kanuni za takwimu, mtawanyiko halisi wa risasi hizo unaweza kuwa popote kati ya 6 na 29 hivi, kwa uhakika wa asilimia 95. Ukipiga 20 ukapata ileile 10, upeo unabana: kati ya takriban 8 na 15. Kwa hiyo anayeonyesha picha ya kioo chenye SD ya 4 kwa risasi 5 hajathibitisha kitu bado. Ninachoshauri ni kukusanya namba za mchanganyiko mmoja (baruti, kiasi chake, fataki na kichwa vilevile) kwa wiki kadhaa, kisha ndipo useme kitu.

Hapo ndipo nilipoachana na mbinu ya ngazi. Wengi huongeza baruti kidogo kidogo, risasi moja kwa kila kipimo, wakitafuta sehemu ambapo kasi inatulia ijapokuwa baruti inaongezeka. Wanaamini hapo ndipo penye mchanganyiko bora. Nimeirudia ngazi kwa maganda yaleyale, fataki zilezile na baruti ya kopo lilelile. Kila nilipoirudia, sehemu tulivu ilihamia kwingine. Risasi moja kwa kila hatua haiwezi kutenganisha bahati na ukweli, na nasikitika kuona watu wakichosha mtutu kwa ajili yake.

Kilichosaidia kweli ni mzani. Katika Creedmoor, sehemu moja ya kumi ya grein ya baruti inabadilisha kasi kwa futi 5 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mzani unaoyumba kiasi hicho unakuharibia kazi kabla hujafika uwanjani. Kubadili aina ya fataki nako kulionekana wazi kwenye namba. Kuchambua maganda kwa uzito hakukunipa chochote. Baruti yangu ni H4350, inayotengenezwa Australia na kuuzwa na Hodgdon. Inasifiwa kwa kutojali joto, na namba zangu za kiangazi na za baridi zinaiunga mkono, mradi tu risasi isiachwe ikiiva ndani ya chemba (sehemu ya mtutu inapokaa risasi) iliyopata moto.

Siandiki hapa kiasi cha baruti ninachotumia, na msiombe. Chemba hazifanani. Anzia chini, kwa kitabu cha mtengenezaji, upande taratibu. Rada inasaidia hata kwenye usalama: ukiona kasi imezidi ile ya juu kabisa ya kitabu kwa mtutu wa urefu wako, shinikizo nalo limepanda, hata kama ganda halijaonyesha alama yoyote. Kikomo cha shinikizo cha 6.5 Creedmoor ni pauni 62,000 kwa inchi mraba. Rudi nyuma.

Kuhusu mapungufu: betri iko ndani na haibadilishwi uwanjani, ingawa ahadi ya mtengenezaji ni saa 6 na chaji ni ya USB-C, kwa hiyo benki ya umeme inatosha. Bei si ndogo. Kama unapiga risasi za dukani na huvuki yadi 300, azima ya rafiki asubuhi moja, andika wastani wako, mrudishie. Ila kama unajaza mwenyewe na unapiga mbali, ningeinunua kabla ya darubini mpya, na fedha inayobaki ningeipeleka kwenye mzani.