Kitini cha kuinuka na kuanguka kwa Nazi, chama cha Hitler huko Ujerumani, kinachouzwa steshenari, Mtwara mjini

Kwa mtahiniwa wa kidato cha nne kinafaa, hasa kurasa za uchaguzi: asilimia 2.6 ya kura mwaka 1928, kisha 37.3 Julai 1932, na mdororo wa uchumi wa 1929 katikati ukieleza kwa nini. Ila kimeruka Novemba 1932, chama kiliposhuka hadi 33.1. Mwanafunzi atadhani Hitler alipanda kwa kura tu, wakati Januari 30, 1933 aliteuliwa kuwa Chansela (mkuu wa serikali) na Rais Hindenburg. Anguko nalo limepewa mistari miwili; ongezea kwa kalamu kwamba chama kilipigwa marufuku Oktoba 1945. Kopi yenyewe sasa! Maandishi yamefifia, ramani ya Ujerumani ni doa jeusi, na pini moja haishiki kurasa zote. Omba wakuprintie kutoka kwenye faili, wasikutolee kopi ya kopi.