Uzoefu wangu: ruta ya 4G ya nyumbani iliyokuwa ikiharibu foto za harusi, Lubumbashi

Kwa wenye haraka nianze na hukumu. Kwa kuangalia video, kupiga simu za WhatsApp na kazi za shule za watoto, hii intaneti ya nyumbani ya 4G inafaa, na hapa kwetu Bel-Air sina malalamiko makubwa. Kwa mtu anayepandisha mafaili ya kazi kwa FTP (njia ya kutuma mafaili moja kwa moja kwenye kompyuta ya mbali) kama mimi inafaa pia, ila baada ya kuingia ndani ya ruta na kuzima kitu kimoja ambacho fundi wa kampuni alikiacha kimewashwa. Kitu hicho kiliniharibia albamu za watu.

Kazi yangu ni foto za harusi. Asubuhi komine kwa ndoa ya serikali, mchana kanisani, alasiri bustani ya zoo au Ziwa Kipopo kama magari yapo, halafu ukumbini hadi usiku wa manane. Nikishachagua na kurekebisha rangi, harusi moja inabaki na foto mia kadhaa, kila moja megabaiti kumi hivi. Albamu nachapisha Afrika Kusini, na wachapaji wale wanapokea mafaili kwa FTP. Njia hiyo ni ya kale, kanuni zake zinazotumika hadi leo ni za 1985, lakini wachapaji wengi hawataki kuiacha. Ruta niliinunua ili niache kubeba diski kwenda siber (duka la intaneti) mjini na kukaa pale mpaka wafunge.

Kasi ilikuwa nzuri tangu mwanzo, hasa baada ya saa tano usiku mtaa ukilala. Kisha albamu zikaanza kurudi na madoa. Si zote, na ndani ya albamu si foto zote: moja, au mbili. Bibi harusi mzima kabisa hadi kifuani, na kuanzia hapo kwenda chini gauni jeupe limekuwa zambarau, limesogea upande wa kushoto, mkono umeachana na shada la maua. Mtambo wa kuchapa haukusita. Nilijua mteja aliponiletea albamu mkononi na mama mkwe wake nyuma.

Anayeijua JPEG, muundo ambao foto huhifadhiwa nao, ataelewa sura hiyo mara moja. Foto imekatwa vipande vidogo, na rangi ya kila kipande imeandikwa kama tofauti yake na kipande kilichotangulia. Baiti chache zikiharibika katikati, kosa linaburutwa hadi chini. Kwa hiyo mstari ule wa zambarau ulikuwa na faida yake: ulionyesha mahali faili lilipoumia.

Nilipiga simu kwa kampuni. «Mama, uzime modemu, ungoje kidogo, uwashe tena.» Nikazima, nikawasha. Siku nyingine nikaenda dukani kwao, kijana mpole akanipimia kasi kwa simu yake, akanionyesha namba nzuri, akasema tatizo ni la wachapaji. Wachapaji kwa barua pepe wakasema tatizo ni la intaneti ya Kongo. Sijui ni mkutano gani waliofanya watu hawa, kila mmoja anajua kosa ni la mwenzake.

Basi nikaanza kupima mwenyewe, nikisaidiwa na mdogo wangu anayesoma informatiki chuo kikuu. Kwanza ukubwa wa faili. Foto iliyoharibika huko Afrika Kusini ilikuwa na ukubwa uleule wa asili, hata baiti moja haikupungua. Hilo liliondoa washukiwa wawili kwa mpigo. Kama intaneti ingekatika katikati ya kutuma, faili lingefika fupi na sehemu ya chini ingekuwa kijivu. Na kama programu ya FTP ingetuma foto kwa hali ya maandishi badala ya hali ya mafaili ya kawaida, ingekuwa inabadilisha alama za mwisho wa mstari, na ukubwa ungebadilika pia.

Pili, alama ya faili. Kwenye Windows unafungua dirisha jeusi la amri na kuandika certutil -hashfile foto.jpg SHA256. Unapata herufi na namba 64 ambazo zinabadilika kabisa hata ukigusa baiti moja tu. Tuliipandisha tena foto ile mbovu, tukaishusha palepale nyumbani, tukalinganisha: alama ni ileile. Foto nzima! Lakini wachapaji wakaifungua kwao: mbovu. Mdogo wangu alikaa akitazama ukuta. Faili linaloonekana zima ukiwa Bel-Air na bovu ukiwa Johannesburg si jambo la kawaida.

Aliyetusaidia ni umeme. Ulikatika usiku huo, kama kawaida ya mtaa, ukarudi, ruta ikawaka upya. Tukashusha tena faili lilelile kutoka kwa wachapaji, bila kulipandisha upya. Safari hii lilifika na mstari wa zambarau. Hakuna aliyeligusa kule. Kilichobadilika ni ruta tu, iliyokuwa imezimika na kuwaka.

Sasa tulikuwa na mafaili mawili ya kulinganisha. Amri ni fc /b, jina la faili la kwanza, jina la la pili. Nilitegemea kurasa na kurasa za tofauti. Ikatoa mistari minne. Katika foto ya megabaiti kumi, baiti nne tu zilizofuatana ndizo zilizobadilika. Za asili zilikuwa C0 A8 01 64. Mdogo wangu akazigeuza kwa kikokotoo cha simu: 192, 168, 1, 100.

«Yaya, hii si rangi. Hii ni anwani ya kompyuta yako.»

Na kweli, ndani ya nyumba kompyuta yangu ilikuwa 192.168.1.100. Kwa bahati tu, mahali fulani kwenye kitambaa cha gauni, rangi zilipobanwa kuwa baiti, zilitoa namba nne hizohizo kwa mfuatano huohuo. Ruta ikadhani imeona anwani ya ndani, ikaifuta, ikaweka anwani yake ya nje. Hata hesabu ya ukaguzi ya TCP, ambayo mpokeaji huitumia kujua kama pakiti (kipande cha data) imeharibika njiani, ikaisahihisha ili pakiti ionekane safi, na mpokeaji hakuwa na sababu ya kuikataa. Foto ikirudi kupitia ruta hiyohiyo, inafanya kinyume: inaona anwani ya nje, inaweka ya ndani, na faili linapona. Ruta ilipozimika na kuwaka, mtandao uliipa anwani nyingine ya nje, ndiyo maana haikuitambua ile ya zamani na kidonda kikabaki wazi. Ni kama karani wa posta ambaye kazi yake ni kubadilisha anwani juu ya bahasha, lakini anafungua na barua yenyewe, na kila anapoona namba inayofanana na ya nyumba yako anaifuta kwa kalamu.

Inasikika kama hadithi, lakini ugonjwa huu ni wa zamani. Walioandika kanuni za STUN, ambayo programu za simu za intaneti huitumia kujua anwani yao ya nje, walikutana na ruta za namna hii, na ndiyo sababu toleo la 2008, RFC 5389, linaichanganya anwani kwa hesabu ya XOR ili ruta isiitambue njiani.

Hata idadi ya foto mbovu inakubali. Baiti nne zinaweza kupangwa kwa namna 4,294,967,296. Foto ya megabaiti kumi ina sehemu kama milioni kumi ambapo mpangilio mmoja maalumu unaweza kutokea. Gawanya: foto moja katika mia nne na kitu. Harusi moja, foto moja au mbili. Ndiyo sababu pia foto ileile ilikuwa inaharibika kila nikiituma upya, na jirani yake haikuguswa hata mara moja.

Kwa nini ruta yangu ilikuwa na tabia hiyo? Siku ya kufungiwa ruta, FTP yangu iligoma kuunganika. Fundi akaingia kwenye mipangilio, akaiweka kompyuta yangu kwenye DMZ, yaani kila kinachoingia kutoka nje kielekezwe kwake. Haikusaidia, na isingeweza: kwenye 4G hii anwani ya nje inaanza na 100.72, na kundi hilo la 100.64 hadi 100.127 limetengwa tangu 2012 kwa kampuni zinazogawanya anwani moja ya intaneti kwa wateja wengi. Hakuna anayeweza kubisha hodi kutoka nje, DMZ iwepo au isiwepo. Kisha akabadili programu yangu ya FTP iwe kompyuta ndiyo inayofungua njia zote mbili, hapo ikafanya kazi, akapokea pesa yake ya usafiri, akaenda. DMZ ikabaki. Kwenye ruta hii, DMZ ikiwa imewashwa, na ule ubadilishaji wa anwani ndani ya mafaili unawaka nayo.

Tulizima DMZ, tukapandisha foto mbovu tena, tukaishusha kwa intaneti ya simu ili ruta isipate nafasi ya kutuficha. Alama 64 zikalingana. Tukaiwasha tena makusudi: mbovu. Tukabadilisha anwani ya kompyuta na DMZ yake kuwa 192.168.1.50: foto ile ikapita salama, ikaumia nyingine.

Mtu ataniuliza kwa nini foto za WhatsApp hazikuwahi kuwa hivi. Zile zimefungwa kwa siri kabla ya kufika kwenye ruta, na ruta haina cha kusoma. Hata ikibahatisha baiti nne zinazofanana ikazigusa, muhuri unavunjika, upande wa pili unakataa, na programu inatuma tena. Unapoteza dakika, hupotezi gauni. Niliwaandikia wachapaji nikaomba SFTP, njia ya kutuma mafaili yakiwa yamefungwa kwa siri namna hiyo, wakanipa jibu kesho yake: ilikuwepo muda wote, hakuna aliyewahi kuiomba.

Kwa huduma yenyewe: kasi ya kupandisha naipa nne kwa tano usiku, mbili mchana. Ruta tatu, kwa sababu ya hiyo DMZ na pia inapata joto sana karibu na dirisha. Wahudumu wa simu moja. Wa dukani tatu kwa upole. Albamu zilizoharibika nilizichapisha upya kwa pesa yangu, na kampuni nilipowapelekea mistari ile minne iliyochapishwa kwenye karatasi, walipiga karatasi picha na kuniambia wataipeleka kwa wakubwa. Ukifungiwa ruta na fundi, kabla hajatoka mlangoni mwombe neno la siri la mipangilio, ufungue ukurasa wa DMZ mbele yake. Langu nililipata chini ya ruta, kwenye kibandiko, maandishi madogo hadi nikalipiga foto na kuikuza.