Nikon P950 Ndani ya Hifadhi ya Arusha: Je, Inafaa kwa Wanyama, Ndege na Milima?

Karibuni sana watazamaji. Leo mezani ipo Nikon Coolpix P950. Wengi mmeuliza: mtu anayependa kutoka wikiendi kupiga picha za wanyama na milima, ambaye hana uwezo wa kununua lenzi kubwa za bei mbaya, akichukua hii atakuwa amepata kamera kweli? Jibu nalitoa mapema ili mwenye haraka asisubiri: ndiyo, kwa mchana. Ni kamera nzuri ya nje, ya ndege na wanyama walio mbali. Ila ile namba iliyoandikwa kubwa kwenye boksi, mara 83 za kuvuta karibu, siyo inayoipa thamani, na nitawaonyesha kwa nini.

Picha zote mtakazoziona humu zimepigwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Unatoka mjini kwa barabara ya Moshi, ukifika Usa River unakata kushoto, na muda si mrefu uko geti la Ngongongare. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1960 na inanisikitisha inavyopitwa na magari yanayokimbilia Serengeti. Kwa mtu anayejaribu kamera ni mahali pazuri mno, kwa sababu siku moja inatosha kukupa uwanda wazi, msitu wenye giza, maziwa yenye ndege, na mlima Meru wa mita 4,566 umesimama nyuma ya vyote hivyo.

Tuanze na mashine yenyewe. Ilitangazwa mwaka 2020, na Marekani ilianza kuuzwa kwa takriban dola 800. Uzito wake ni kilo moja na kidogo. Lenzi haitoki, ni hiyo hiyo moja, na inaanza milimita 24, yaani upana wa kuchukua mlima mzima, mpaka milimita 2000. Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Lenzi hii kiuhalisia inaishia milimita 357. Hiyo 2000 ni hesabu ya kulinganisha na kamera za filamu za zamani, na inawezekana kwa sababu kihisi cha picha kilichomo ndani ni kidogo sana, kama milimita 6 kwa 4 na nusu. Ukiweka pembeni kihisi cha kamera kubwa za kitaalamu, kile kikubwa kinakizidi eneo kama mara 30. Udogo huo ndio unaokupa kuvuta mbali kwa bei hii, na udogo huo huo ndio utakaokusumbua mwanga ukipungua. Mengine yote nitakayosema leo yanatoka hapo.

Haya, tuingie. Ukishapita geti tu unafika uwanda unaoitwa Serengeti Ndogo. Asubuhi jua linatoka mashariki, Meru iko magharibi, kwa hiyo jua liko mgongoni kwako na twiga mbele yako anawaka. Tazameni picha hii ya kwanza. Nimempiga twiga akiwa karibu, kwa milimita 24. Twiga mkubwa, mlima mdogo kule nyuma kama kichuguu. Sasa tazameni ya pili. Gari limerudi nyuma barabarani, twiga ni yule yule, nimevuta mpaka milimita 400 hivi. Twiga amebaki na ukubwa ule ule kwenye picha, lakini Meru imeinuka nyuma yake ikajaza fremu yote, mpaka makorongo ya mlimani unayaona. Hakuna ujanja wa kompyuta hapo. Ukisogea mbali na mnyama halafu ukavuta, kilichoko nyuma kinaonekana kumkaribia. Mimi kazi ninayoipenda zaidi kwenye P950 ni hii, kati ya milimita 300 na 800, kumkutanisha mnyama na ardhi yake kwenye picha moja. Wanaoinunua wengi wanaruka moja kwa moja mpaka 2000, wanarudi na jicho la nyati bila nyati.

Na 2000 yenyewe? Ipo, na inafanya kazi kwa masharti. Huyu hapa furukombe, juu ya mti mkavu ng'ambo ya ziwa Momella Kubwa, saa moja na nusu asubuhi. Manyoya ya kichwani yanahesabika, mdomo unaonekana ule umanjano wake na ncha nyeusi. Haya, huyu ni furukombe yule yule, mti ule ule, saa sita mchana. Angalieni kingo zake: zimelegea, zinacheza, kama picha imepigwa kupitia maji. Kamera haijaharibika na fokasi iko sawa. Ni hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini na juu ya maji, na hakuna lenzi ya bei yoyote inayoitibu. Ukitaka kutumia 2000, itumie mapema, hewa ikiwa bado baridi. Mchana rudi 800 au 1000, na kama dereva anaweza kusogea kidogo kwa barabara iliyopo, sogea. Kutoka nje ya barabara hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa nisingekushauri.

Kuhusu kutetemeka, Nikon wamefanya kazi nzuri sana. Kizuia mtikisiko cha humu ndani kinashika. Mnyama akiwa ametulia unaweza kupiga kwa mkono, umevuta hadi mwisho, na shata, yaani muda kihisi kinapopokea mwanga, ya 1/250 ya sekunde, na picha ikatoka. Lakini ndani ya gari usitegemee mkono. Mwambie dereva azime injini, kisha weka kifuko cha maharage dirishani. Fundi cherehani yeyote atakushonea kwa kitambaa kigumu, unajaza maharage au mchele kilo moja na nusu hivi, unaacha nafasi kidogo ili lenzi izame. Kwa gari hiki kinashinda stendi ya miguu mitatu, ambayo ndani ya Noah utaikunjulia wapi?

Ukivuta sana ndege anakupotea, hilo kila aliyewahi kushika kamera ya namna hii analijua. Unamwona kwa macho, ukiweka jicho kwenye kioo unaona majani tu. Pembeni ya lenzi kuna kitufe: ukikibonyeza na kukishikilia, kamera inarudi upana kwa muda, unamtafuta ndege wako, unamweka katikati, unaachia, inavuta tena mpaka pale ulipokuwa. Jifunzeni kitufe hiki nyumbani kabla ya safari, kidole kikizoee bila kutazama.

Twende maziwani kwa heroe. Idadi yao inabadilika kwa msimu, wanafuata chakula kwenye haya maji ya magadi, kwa hiyo huwezi kumwahidi mtu. Wakiwepo, hapa P950 inaonyesha udhaifu wake. Inapiga picha 7 kwa sekunde, lakini ni mkupuo mfupi tu, kisha inakaa inaandika kwenye kadi na wewe unasubiri wakati kundi linaruka. Dawa ni kumjua ndege. Heroe haruki ghafla, anaanza kukimbia juu ya maji, hatua kadhaa, mbawa zimefunguka, ndipo anainuka. Usibonyeze anapoanza kukimbia. Subiri miguu iache maji, bonyeza hapo. Na usivute mpaka mwisho, waachie nafasi ya mbele wanakokwenda.

Kuna alama ya ndege kwenye gurudumu la juu, ni hali maalumu ya kupiga ndege. Kwa anayeanza ni nzuri, inampangia mambo mengi. Ila fahamuni kwamba ukiwa kwenye hali hiyo hupati faili za RAW, yaani picha ghafi unayoweza kuirekebisha sana baadaye, unapata JPEG tu, ambayo kamera imeshaichakata na kuibana. RAW inapatikana kwenye hali za P, S, A na M za gurudumu hilo hilo. Mimi nakaa S, ambapo unachagua shata mwenyewe, naweka 1/1000 kwa anayeruka na 1/500 kwa anayetembea, naiachia kamera mengine.

Sasa msituni, kuelekea kreta ya Ngurdoto. Hapa ndipo naomba anayefikiria kununua anisikilize zaidi. Mbega wako juu, weusi kwa mweupe, wamekaa kwenye kivuli cha mikuyu na nyuma yao kuna mbingu nyeupe. Ni mtihani mgumu kwa kamera yoyote. Kwa hii, ukishavuta tundu la lenzi linabana hadi f/6.5, mwanga unaoingia ni mdogo, ISO, yaani kiasi ambacho kamera inaongezea nguvu mwanga hafifu, inapanda 1600, na angalieni kilichotokea. Hapa nakuza picha: yale manyoya marefu meupe ya mgongoni, ambayo ndiyo uzuri wote wa mbega, yamegeuka kuwa kitu kimoja kama rangi iliyopakwa. Uso hauna macho. Nilipoongeza mwanga hatua moja kwenye fidia ya mwanga na kupiga RAW, macho yakarudi, chengachenga zikabaki. Picha ya kuweka kwenye simu, sawa. Ya kuchapa ukutani, hapana. Kama moyo wako uko kwenye wanyama wa msituni, au chui wa alfajiri, usinunue P950. Tafuta kamera yenye kihisi kikubwa hata kama imetumika, na lenzi ya milimita 300, uvumilie kuvuta kidogo.

Kwa mandhari mapana nitasema kwa ufupi: simu nzuri ya sasa inaishinda au inakaribiana nayo. Kreta ya Ngurdoto ukiwa ukingoni, kwa kuwa kushuka ndani hairuhusiwi, ichukue nzima kwa simu, kisha tumia P950 kuvuta makundi ya nyati kule chini. Kilimanjaro ukiwa Momella iko upande wa mashariki, asubuhi utapata kivuli chake tu, umbo jeusi lenye mstari wa mwanga. Ngoja jioni, mawingu yakifunguka, jua liipige kutoka magharibi, barafu ya Kibo inatoka na rangi. Meru ni kinyume chake, yenyewe ni ya asubuhi.

Betri inatoa kama picha 290 kwa kipimo cha kiwanda. Nunua ya pili. Uzuri wake inachaji kwa waya wa USB, wa ile aina ya zamani ya simu, kwa hiyo pawabenki inakuokoa garini.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vumbi. Kamera hii haijazibwa. Kila ukivuta, lenzi inatoka nje na kunyonya hewa, na kuanzia Juni mpaka Oktoba hewa ya barabara zetu mnaijua. Vumbi likifika kwenye kihisi huwezi kulisafisha mwenyewe, maana lenzi haifunguki. Gari likipishana na jingine, rudisha lenzi ndani, funika kwa kanga, subiri vumbi litue.

Kwa hiyo anayenunua iliyotumika, na nyingi madukani ni za namna hiyo, afanye hivi mbele ya muuzaji. Washa, vuta mpaka mwisho na kurudi mara kadhaa, sikiliza kama mota inakwaruza au inakwama katikati. Kisha toka nje, weka hali ya A, ambapo unachagua tundu la lenzi mwenyewe, iwe f/8, elekeza kwenye mbingu tupu, piga moja kwa upana na moja ukiwa umevuta. Zikuze kwenye skrini, pitia kona kwa kona. Ukiona madoa ya kijivu yanayokaa pale pale, hilo ni vumbi la ndani. Na muuzaji akikukatalia kutoka nayo nje kwa jaribio hilo, mrudishie kamera yake, duka la pili liko mtaa wa jirani.